Kamera ya Mwalimu

Mama mwenzangu, ikiwa mume wako amewahi kutumia fedha ya nyumba bila kukushirikisha, utanielewa upesi. Mimi jambo hilo lilinifika Mei 2024, na sikulisikia kutoka kinywani mwake. Nililisikia kwa simu, kutoka kwa kijana wa ofisi ya mabasi ambaye hata simjui.

Wengi mtakumbuka kwamba mwanzoni mwa mwezi ule kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, mvua ikanyesha mfululizo, na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kuja kusini ikakatika maeneo ya Somanga. Magari yalilala njiani. Nilikuwa jikoni, hapa Kilwa Masoko, nikihamisha ndoo kutoka mahali panapovuja kwenda mahali panapovuja zaidi, simu ikalia.

"Shikamoo mama. Ule mzigo wa Mwalimu wa kamera utachelewa, gari limekwama. Mwambie asiwe na wasiwasi, haujalowa."

Nikamwuliza, kamera gani? Kijana akanyamaza kidogo, akasema huenda amekosea namba. Hakuwa amekosea.

Lazima nieleze kidogo. Mume wangu alifundisha jiografia na biolojia katika shule za sekondari za mkoa wetu wa Lindi kwa zaidi ya miaka thelathini. Watu wote humwita Mwalimu, nami nimemwita hivyo tangu tulipooana. Alistaafu mwaka 2023 alipotimiza miaka 60. Miezi minne baadaye, asubuhi moja akifunga vifungo vya shati, mkono wa kulia ulimwishia nguvu. Kilikuwa kiharusi. Tunamshukuru Mungu aliinuka, akatembea tena kwa fimbo, lakini mkono haukurudi kama ulivyokuwa. Hutetemeka, na vidole havishiki kitu kidogo. Ulimi nao ulibaki mzito. Yeye aliyekuwa akifundisha darasa moja akasikika madarasa mawili, sasa alitafuta neno moja kama mtu anayetafuta sindano mchangani. Alipoona kwamba vijana aliowafundisha wanammalizia sentensi zake, aliacha kuzungumza. Watoto wetu wakipiga simu kuuliza, "Mama, baba anaendeleaje?" nilijibu kwamba anaendelea vizuri. Na kweli alikuwa akiendelea vizuri: amekaa barazani, anatazama ukuta wa jirani.

Kiinua mgongo chake tulikipangia pamoja, kwa karatasi na kalamu. Ada ya chuo ya kijana wetu wa mwisho, dawa za shinikizo la damu, na mabati ya upande wa jikoni. Fedha ya mabati ndiyo iliyonunua kamera. Shilingi 1,350,000, kamera iliyokwisha tumika, yenye lenzi ndefu, aliyoipata kwa mtu aliyemfundisha zamani.

Sikupiga kelele. Afadhali ningepiga. Kwa wiki tatu nilimwandalia chakula, nikampigia pasi nguo, nikamhesabia vidonge vyake asubuhi na jioni, na sikumsemesha neno ila la lazima. Nyumba iliyokuwa na mtu mmoja asiyesema ikawa na wawili.

Barabara ilipopitika kamera ilifika. Kila alfajiri Mwalimu alijikongoja nayo kwenda ufukweni, akarudi jua likiwa kali, akaiweka mezani bila kusema aliona nini. Jirani yangu, bibi mmoja wa makamo ya mama yangu ambaye tumekaa naye ukuta kwa ukuta miaka kumi na mitano, aliona nilivyonuna. Akaniita uani kwake. Akasema, "Mwanangu, mwanamume aliyeacha kusema, siku akitaka kitu usimnyime." Nilimjibu kwamba yeye paa lake halivuji. Nilijuta baadaye, maana ni mtu mwema sana kwetu.

Sasa nitasema jambo ambalo sikupenda kulisema. Usiku mmoja Mwalimu alipolala niliichukua ile kamera nikiwa na nia ya kuiuza. Nilikuwa nimeambiwa kwamba mpiga picha wa harusi mjini Lindi angeweza kuinunua. Nilitaka tu kujua kama inafanya kazi. Nikaiwasha, nikaanza kutazama picha zilizokuwa ndani, moja baada ya nyingine, nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha jikoni.

Zilikuwa zaidi ya mia mbili, na hakuna hata moja iliyokuwa safi. Mchanga. Maji. Anga tupu. Ncha ya bawa. Mguu wake mwenyewe, na kile kiatu ambacho mimi ndiye ninayekifunga kamba kila asubuhi. Mara kwa mara, mbali sana, weupe kidogo ulioyumba, ambao baada ya kuutazama kwa muda nilitambua kwamba ni yangeyange. Alikwenda pwani asubuhi ishirini, na asubuhi zote ishirini mkono ulimkatalia.

Wapenzi wasomaji, kama hamjawahi kushika kamera ya namna ile, kitufe cha kupigia picha kiko upande wa kulia. Waliotengeneza hawakumfikiria mtu aliyebakiwa na mkono wa kushoto.

Kesho yake nilimwuliza alikuwa anapiga picha ya nini. Alitafuta maneno kwa muda mrefu, nami kwa mara ya kwanza sikumsaidia wala sikuondoka. Akasema, "Ndege." Halafu akasema, "Macho yapo. Mkono hakuna." Akanisukumia kamera juu ya meza. "Wewe bonyeza."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mpiga picha wa ndege, nikiwa na miaka 54, wajukuu watatu, na paa linalovuja.

Mwanzo niliona haya. Wanawake wanaokwenda kuchokoa pweza walitupita wakiwa na vijiti vyao na ndoo, wakacheka, "Mke wa Mwalimu, leo tena mnapiga picha kunguru?" Mimi nilikuwa nimejifunga khanga mbili, nimekaa kitako kwenye mchanga mbichi kama mtoto, na mume wangu ameegemea mtumbwi uliopinduliwa, ananielekeza kwa fimbo. Ningependa kusema kwamba nilifurahi siku ile ile. Sikufurahi. Mgongo uliniuma, viroboto vya mchangani vilinitambaa, na nikafikiria unga nilioacha bila kuukanda.

Lakini Mwalimu alijua anachofanya. Alinifundisha kwanza kuhesabu maji. Sisi wa pwani tunajua bamvua na maji mafu kwa ajili ya samaki, lakini sikujua kwamba ndege nao huishi kwa saa hiyo hiyo. Maji yakipwa, hutawanyika mbali kwenye tope na mchanga kutafuta chakula, na mtu akiwafuata huko anajichosha bure. Maji yakianza kujaa, hurudi nyuma hatua kwa hatua, wanaletwa na bahari yenyewe kuelekea ulipo. Basi unakwenda mapema, unakaa, jua likiwa mgongoni kwako ili limwangaze ndege, na unasubiri. Usimfukuze. Ndege aliyesafiri kutoka mbali anahitaji kula na kupumzika, na kila unapomrusha unamla mafuta yake. Anayepata picha kwa kukimbiza ndege, aliniambia Mwalimu, ni sawa na mgeni anayemtoa mwenyeji mezani.

Alinifundisha kubonyeza kitufe nusu, kamera ilenge, kisha kumalizia. Kulenga jicho, kwa sababu jicho likiwa safi picha yote inaonekana safi. Kuifuta kamera kwa kitambaa chenye unyevu tukirudi, maana chumvi ya bahari ni adui. Mwenye simu tu asikate tamaa. Simu haifiki mbali, lakini chozi kwenye ua la mpapai au mdiria kwenye waya wa kuanikia nguo utampata, ukikaa kimya karibu na dirisha.

Na tulinong'ona. Hili sikulitegemea. Ufukweni mbele ya ndege kila mtu hunong'ona, na anayenong'ona husema maneno machache, polepole, na hakuna anayemharakisha. Ulimi mzito hauonekani. Juma la pili Mwalimu alininong'onezea sentensi nzima. Juma la nne alinieleza habari ya kitwitwi mmoja mwenye mdomo uliopinda, uzito wake haufiki gramu 100, ambaye huzaliwa kule Siberia kaskazini kabisa ya dunia, kisha huja hadi huku. Nilimtazama yule kiumbe akichomachoma mdomo kwenye tope la Kilwa kama fundi cherehani, nikamwuliza Mwalimu kama ana hakika. Akasema ndiyo, nami nikaona uso wake wa darasani, ambao sikuuona kwa mwaka mzima.

Tangu shule ya Jumapili nimesikia kwamba Bwana wetu alituagiza tuwatazame ndege wa angani. Siku zote nililipokea kama fundisho la kutosumbukia chakula, na ndivyo lilivyo. Lakini kutazama kwenyewe, kukaa chini na kumtazama ndege, sikuwa nimewahi kufanya.

Agosti ile walianza kufika wale ambao Mwalimu aliwasubiri. Ni ndege wa kimo cha kuku mdogo hivi, lakini mwembamba na mwenye miguu mirefu ya kijivu. Mwili ni mweupe kama kanzu ya Idi, mgongo una weusi, na mdomo ni mweusi, mnene, wenye nguvu kama koleo. Kwa Kilatini anaitwa Dromas ardeola. Sisi nyumbani tunamwita mla kaa, maana ndiyo kazi yake. Hukimbia hatua chache, husimama, hutazama, kisha humdaka kaa, humtikisa na kumvunja.

Mla kaa huyu hana ndugu. Wataalamu wamemweka peke yake katika ukoo wake, hakuna mwingine wa aina yake duniani. Anazaliana kwenye pwani na visiwa vya Ghuba ya Uajemi, Oman, Bahari ya Shamu na kushuka hadi Somalia, kisha wengi husafiri kuja kwetu pwani ya Afrika Mashariki, wengine zaidi ya kilomita 3,000, wakakaa hadi karibu Aprili. Mnaona ni njia ile ile ya majahazi. Ibn Battuta alifika Kilwa Kisiwani mwaka 1331, na watalii hadi leo huvuka maji kwenda kuona Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa. Ni vizuri waende, hata mimi najivunia magofu yetu. Ila mara nyingi wanapopanda mashua, fungu zima la hawa wasafiri wengine limesimama kwenye mchanga nyuma ya migongo yao, na hakuna anayegeuka.

Si ndege anayehesabiwa kuwa hatarini kutoweka. Anakadiriwa kuwa kati ya 60,000 na 80,000 duniani kote. Lakini fikiria idadi hiyo, mama mwenzangu: ni watu wa mji mmoja tu. Na sehemu zao za kuzalia zinazojulikana ni chache, nyingi zikiwa visiwa vidogo vya mchanga ambavyo mtu au paka mmoja anaweza kuviharibu. Huku kwetu wana bahati kidogo. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na mikoko yetu na tope letu ambalo tulilidharau ni sehemu ya sababu.

Kinachonishangaza zaidi ni jinsi wanavyolea. Ndege wengine wa pwani wa jamii hii hutaga juu ya ardhi. Mla kaa huchimba shimo refu mchangani, na mwisho wake jike hutaga, mara nyingi, yai moja tu, jeupe. Kule Uarabuni jua ni kali, na mchanga wenyewe huwa na joto la kutosha kusaidia kulea yai, hata wazazi wanaweza kuliacha kwa muda wakaenda kutafuta chakula. Kinda likitoka halikimbii na kujitafutia kama makinda ya vitwitwi wengi. Linangoja ndani ya shimo liletewe kaa.

Mwalimu aliponieleza hayo nilifikiri ndipo ulezi unapoishia. Lakini siku moja ya Desemba, maji yakijaa, walikuja wawili karibu sana nasi, labda hatua ishirini na tano. Mmoja alikuwa mweupe safi. Mwingine alikuwa sawa naye kwa kimo, ila mwenye rangi ya kijivu kijivu, na utosi kama uliopakwa majivu. Yule wa kijivu alimfuata mwenzake kila alikokwenda, ameinamisha shingo, akipiga mluzi mmoja mwembamba usiokwisha. Niliuliza kwa kunong'ona kama anaumwa.

"Mtoto," alisema Mwalimu. "Anaomba."

Mtoto! Ametoka huko alikozaliwa, ameruka juu ya bahari mwezi wa ngapi sijui, amefika Kilwa kwa mabawa yake mwenyewe, na bado anamfuata mzazi akitaka chakula. Mzazi alikimbia, akasimama, akamdaka kaa. Mtoto akafika mbio. Nilidhani atamfukuza, maana nimeona kuku wanavyofanya. Hakumfukuza. Alimweka kaa chini, na mtoto akamchukua.

Nilibonyeza hadi kidole kikauma. Tulipohesabu nyumbani zilikuwa picha arobaini na sita, na tatu kati ya hizo zilikuwa safi kabisa. Moja inaonyesha midomo yote miwili na kaa katikati, mguu mmoja wa kaa ukiwa bado hewani. Tuliichapisha Lindi na imo kwenye fremu sebuleni, kando ya picha yetu ya harusi. Kijana wetu wa chuo alipoiona likizoni alisema, "Mama, huyu mkubwa mzima hajui kujitafutia?" Jioni ile ile aliniomba nauli. Mwalimu alicheka mpaka akashika meza. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kinavyoanza, na mkohoo mdogo.

Nisije nikawadanganya kwamba kupenda ndege ni dawa ya kila nyumba. Mwalimu alinisomea habari za mama mmoja wa Marekani, Phoebe Snetsinger, mke wa mtu na mama wa watoto wanne. Alianza kutazama ndege mwaka 1965, jirani yake alipomwazima darubini. Mwaka 1981 madaktari walimgundua na kansa ya ngozi, wakamwambia hana hata mwaka mmoja wa kuishi. Badala ya kukaa kungoja, alianza kusafiri nchi baada ya nchi kutafuta ndege ambao hajawaona, na akaishi miaka kumi na minane zaidi. Alipita aina 8,000, idadi ambayo hakuna binadamu aliyekuwa ameifikia kabla yake. Alifariki mwaka 1999 huko Madagaska, si kwa kansa, ni kwa ajali ya gari akiwa safarini kutafuta ndege.

Mwalimu alimsifu sana. Mimi niliuliza alimwachia nani watoto. Nilipoendelea kusoma nilikuta kwamba hakuwapo kwenye maziko ya mama yake wala kwenye harusi ya binti yake, kwa sababu ya safari hizo. Siwezi kumhukumu mtu aliyeambiwa siku zake zimekwisha. Lakini sikumwonea wivu. Tulibishana jambo hili mimi na Mwalimu kutoka Masoko Pwani hadi nyumbani, kwa sauti, watu wakatugeukia njiani, na ni karibu na mlango tu nilipogundua kwamba tulikuwa tunabishana. Alikuwa amesema maneno mengi kunizidi.

Mwezi uliofuata alialikwa kuonyesha picha zetu kwa wanafunzi wa sekondari. Mimi nilikaa kwenye kompyuta kubadilisha picha. Alisema polepole kwa dakika ishirini. Mara moja tu nilimmalizia sentensi, akanitupia jicho ambalo wanafunzi wote waliliona.

Lakini kulikuwa na ndege mwingine, na huyu ndiye aliyemfanya anunue kamera.

Mume wangu ni mzaliwa wa Rondo, ule uwanda wa juu ndani ya mkoa wetu unaofika karibu mita 900, wenye msitu ambao ukungu wake huuona ukiwa bado bondeni. Utotoni alikwenda msituni na wenzake wakiwa na manati. Huko chini, kwenye majani makavu, kulikuwa na ndege mmoja wa kahawia mgongoni, kifua cheupe chenye madoa meusi kama kilichonyunyiziwa wino, ambaye hupekua majani akitafuta wadudu. Hakimbii mapema. Akiwa darasa la nne Mwalimu alimpiga mmoja kwa jiwe, bibi yake akamchoma, wakamla. Miaka mingi baadaye, akiwa tayari mwalimu wa biolojia, alisoma kwamba ndege huyo, anayeitwa Geokichla guttata, yuko katika orodha ya walio hatarini kutoweka duniani. Anapatikana vipande vipande tu, Afrika Kusini, Malawi na kwingineko, na msitu wa Rondo ni moja ya sehemu chache za Afrika Mashariki anakozalia. Msimu mwingine huhamia pwani, na watu huja kutoka Ulaya hadi kwenye msitu wa magofu ya Gede, Kenya, wakitumaini kumwona mmoja.

"Nilimla," aliniambia Mwalimu. Alikuwa amebeba jambo hilo miaka hamsini, na mimi mkewe wa miaka thelathini na mbili sikulijua.

Januari 2025 tulikwenda. Ndio msimu wao wa kuzaa kule, ambao pia ni msimu wa mvua, kwa hiyo jiandaeni kwa utelezi kama mtafanya hivyo. Tulipanda basi hadi Lindi, tukalala, na asubuhi shemeji yangu akatuchukua kwa pikapu yake. Tulipoacha lami na kuanza kupanda gari liliteleza kama sabuni. Nilikuwa nimeshika kamera kifuani chini ya khanga, na Mwalimu amenishika bega kwa mkono wake mzima.

Sijui kwa nini nilisema wakati ule. Labda niliogopa tutapinduka. Nilimwambia, "Mwalimu, ile kamera nilitaka kuiuza. Usiku mmoja niliitoa nikaitazama."

Alinyamaza mpaka tukapita kona. Kisha akasema, "Najua. Uliiacha inawaka. Asubuhi betri ilikuwa imekwisha."

"Mbona hukusema?"

"Na mimi sikusema ya mabati."

Tulikuwa tumepata kibali, na mlinzi wa msitu alitutangulia taratibu sana kwa ajili ya fimbo ya Mwalimu. Ndani kulikuwa na giza la kijani, harufu ya majani yaliyooza, na hondohondo wakipiga kelele juu kabisa wasikoonekana. Mlinzi alituonyesha mahali penye magogo, tukakaa. Tulikaa asubuhi nzima. Mvua ilinyesha, ikaacha. Mbu walitula. Niliwaza, kama kawaida yangu, ndoo za jikoni kwangu.

Kisha majani yakachakura. Si mbali, hatua nane au tisa, pembeni ya gogo. Jani moja likapinduka, halafu la pili. Akatokea. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomdhania, na madoa yake yalikuwa meusi mno, kila moja limekaa mahali pake. Jicho lake lilikuwa kubwa na jeusi. Alisimama wima akatutazama, jani limemning'inia mdomoni.

Nilikuwa na kamera mkononi, imewashwa, betri imejaa, na kidole changu kiko juu ya kitufe. Lakini nilimtazama Mwalimu. Mkono wake wa kulia, ule wenye kutetemeka, ulikuwa umetulia juu ya goti, na machozi yalikuwa yakimtiririka bila sauti. Niliporudisha macho kwenye gogo, majani yalikuwa yametulia na hapakuwa na ndege.

Tulingoja hadi saa tisa. Hakurudi.

Nilimwomba radhi garini. Nilisema tumetumia nauli yote hii na fedha za shemeji za mafuta, na picha hakuna. Mwalimu alisema, "Wewe ulimwona?" Nikasema nilimwona. Akauliza alikuwa na mistari mingapi bawani. Nikasema miwili, myeupe. Akatikisa kichwa kama anayesahihisha daftari, akalala begani kwangu hadi Lindi.

Kilwa tulikuta mvua imetutangulia. Sakafu ya jikoni ilikuwa bwawa, na mfuko wa unga umelowa chini. Nilipokuwa nikitafuta kitambaa, Mwalimu aliweka fimbo ukutani, akachukua ndoo kwa mkono wa kushoto, akaisogeza pale panapovuja zaidi.